Barua ya Sita Sikuiandika Mimi

Kansanga, Jumatano alasiri

Mwanangu Suni,

Barua za kwetu huanza kwa mwandishi kusema yeye ni mzima, hofu ni kwa yule aliye mbali. Hii niigeuze. Ukiwa unaisoma, mzima ni wewe, maana nimemwambia Mama Furaha, unayesafiri naye kwa lori, asikupe mpaka muwe mmevuka mpaka wa Busia na kuketi upande wa pili na chai mkononi. Hofu imebaki huku kwangu, na huku imeshazoea.

Umekwenda kwa Mama Nasra kusukwa. Nimekutuma makusudi. Nywele zako zinateleza, yeye husuka akifumua na kulalamika, kwa hiyo nina saa mbili nzima. Habari za soksi, dawa ya malaria na namna ya kuwaamkia masista wa shule yako ya Nairobi siziandiki. Nimekuimbia wiki nzima hadi umeanza kunimalizia sentensi. Nataka kukuandikia yale niliyoshindwa kuyasema tukitazamana. Mimi ni mtoto wa kambi ya polisi, nilijua kupiga saluti kabla sijajua kuomba radhi.

Nianze na baba yako, maana unamjua kwa picha moja na kwa barua. Barua nitazifikia.

Alikuja hapa kijana, daktari wa meno, kwa mkataba wa serikali, kutoka Korea, nchi ambayo mtaani hapa hakuna aliyeisikia. Wote walimwita Mchina, akakataa mwaka mzima, kisha akachoka. Kiswahili alijifunza kwa wagonjwa wake, nao walikuwa wamepanua midomo, kwa hiyo unaweza kufikiria kilikuwa Kiswahili gani. L na R kwake zilikuwa kitu kimoja, kama zilivyo kwa nusu ya Kampala, na ndiyo maana sokoni hakuna aliyemcheka.

Siku alipokuja kambini kuniposa, babu yako, sajenti mzima na mkanda wake umeng'arishwa, alimuuliza, "Wewe mutu ya wapi?"

"Mimi mutu ya mbari, mzee," akajibu. "Mbari sana."

Alitaka kusema mbali. Babu yako alikuwa amefanya kazi Kenya miaka mingi, na huko mbari ni ukoo. Akatugeukia wanawake akasema, "Huyu si muhuni. Iko na ukoo, tena ukoo mukubwa." Nikaozwa. Nilingoja hadi ulipozaliwa ndipo nikamweleza mzee ukweli, akasema maji yakimwagika hayazoleki, akakuchukua mapajani.

Jina lako ni la bibi yako wa huko, Sun-hi. Mama Nasra alipolisikia alidhani ni Suni ya Kiislamu, akapiga vigelegele: "Alhamdulillahi! Mchina ametoa mtoto Suni!" Akaleta sinia la pilau. Hatukumsahihisha. Pilau ilikuwa nzuri, na wewe ulikuwa mtoto wa kila mtu tangu siku hiyo.

Kuna jambo moja kuhusu jino lako. Lilipong'oka la kwanza ulikuwa na miaka sita. Baba yako alisema kwao jino hutupwa juu ya paa, ndege mweusi mwenye kifua cheupe alichukue na kuleta jipya. Ndege huyo hapa hayupo, akaamua kunguru wetu ni binamu yake. Akalitupa, likabingirika kwenye bati likarudi. Akalitupa tena, likarudi. Mara ya nne alivua viatu akapanda mwenyewe, na koti lake jeupe la kazini, akaliweka juu kabisa. Ilikuwa Jumapili asubuhi, majirani wako kanisani na sokoni. Tulioona ni watatu, mimi, wewe na yeye. Likumbuke hilo, nitalihitaji mbele.

Sasa neno lenyewe.

Hapa Kampala mlango ukigongwa unauliza "Ani?", yaani nani, hata kama wewe si Muganda. Katika lugha ya baba yako neno hilohilo, ani, maana yake ni hapana. Ndilo alilokuwa akikuambia ukisogelea jiko: ani, ani, ani. Tukalifanya mchezo. Akirudi kazini anagonga, mimi nauliza "Ani?", naye anajibu "Ani!" Nani? Hapana! Nafungua nikicheka. Utani wa kijinga, lakini nyumba hujengwa kwa vitu kama hivyo. Umeniuliza mara nyingi kwa nini nilikukataza neno hilo, kwa nini mlango wetu huulizwa "Nani?" kwa Kiswahili kama kaunta ya polisi. Ukapigwa kofi siku moja kwa kulitamka, ukiwa na miaka saba, na hukuambiwa kosa lako. Hukuwa na kosa. Nisamehe kofi lile.

Wanajeshi walipochukua nchi, baba yako aliendelea kuziba meno yao, maana jino halijui cheo. Kisha wakaanza kumwita hospitali kutazama watu waliookotwa misituni na majini, wasiotambulika tena kwa sura. Alifungua midomo yao na ndani akakuta kazi ya mikono yake mwenyewe. Jino alilolijaza mwezi wa tatu, daraja la meno alilomtengenezea mwalimu fulani. Rasmi alisema hajui. Lakini jioni alikwenda kwa miguu kwenye nyumba ya mtu huyo, akakaa, akanywa chai, akamwambia mke, "Mama, usingoje." Basi. Nilimwambia ataniulia mtoto wangu kwa wema wake. Akasema kungoja ni ugonjwa mbaya kuliko msiba.

Sasa unajua mume wangu alikuwa mtu wa namna gani, na mimi nilikuja kuwa wa namna gani.

Mjomba wako Okot, kaka yangu, alikuwa konstebo. Askari wa kabila letu walikuwa wakitoweka mmoja mmoja kambini, na ikasikika kwamba jina lake limo kwenye orodha. Akaja kwetu, tukamficha chumba cha ndani siku tatu akingoja lori la kumvusha. Siku ya tatu baba yako alikwenda soko la Owino kumtafutia viatu, maana Okot alikuja na buti za polisi na hizo zingemsaliti. Wewe ulikuwa kwa Mama Nasra. Ilikuwa saa tisa mchana, mvua inapiga bati, sisikii hata sufuria yangu.

Mlango ukagongwa. Mara mbili, kwa mgongo wa kidole, kama alivyogonga yeye.

"Ani?" nikauliza.

"Ani," akajibu.

Nikatabasamu. Nikajifuta mikono. Akasema tena, chini zaidi, polepole, "Ani."

Suni, lugha ile niliijua. Maneno machache, lakini hilo nililijua vizuri kuliko yote, nilikuwa nikilisikia kila siku. Mume wangu alisimama nje ya mlango wake akaniambia hapana, mara mbili, na mimi nikasikia mchezo. Nikafungua nikicheka.

Walikuwa wanne, mashati ya maua, miwani myeusi kwenye mvua. Walikuwa wamemshika sokoni na viatu vya kiume visivyo vyake. Walimwambia amwite mkewe afungue, waingie bila kelele. Yeye alikuwa amesimama mbele yao, mikono nyuma, mdomo umevimba, na meno mawili ya mbele hayapo.

"Iko wapi hiyo polisi?" mmoja akauliza. Hawakuhitaji niseme, nyumba ina vyumba viwili. Walimtoa Okot akiwa na soksi tu. Wengine wakaenda uani wakaona udongo uliochimbwa, wakafukua wakidhani ni bunduki, wakakuta mtungi wa kabichi la pilipili ambalo baba yako alikuwa akilizika kama walivyofanya kwao. Harufu ikawapiga, mmoja akatapika. Hata leo nikikumbuka hapo karibu nacheka, na ninajichukia.

Yule wa mwisho kutoka aligeuka mlangoni. "Asante kufungulia sisi, mama," akasema, kwa adabu kabisa.

Baba yako alinitazama kutoka garini. Hakuwa na hasira. Alitikisa kichwa kidogo, kama alivyowatikisia wagonjwa waliochelewa kuja, kuwaambia wasijilaumu, jino lilikuwa limeshaoza. Gari halikuwa na namba. Hao wawili sikuwaona tena.

Nilizunguka ofisi zote. Kila mahali niliambiwa daktari ameondoka nchini kwa ndege, kwa hiari yake. Karani mmoja alinisindikiza hadi ngazini akaninong'oneza, "Mama Suni, uko na mutoto. Wacha kuuliza." Nikaacha. Nikarudi nyumbani, ukanikimbilia ukauliza baba yuko wapi, nikasema amekwenda kwao kumwona mama yake. Mjomba je? Juba.

Hilo ndilo kosa la pili, na hili sikulifanya kwa haraka wala kwa mvua kupiga bati. Nililifanya miaka mitano, nikiwa nimekaa. Barua za baba yako niliziandika mimi. Kila Krismasi moja. Nilichukua karatasi zake za kazini, nikajifunza mwandiko wake, namna anavyokandamiza kalamu kutoka juu kwenda chini, nikaweka L mahali pa R ili ucheke. Ile iliyokupongeza kwa kuwa wa kwanza katika sayansi, uliyolala nayo chini ya mto, niliiandika hapa, kwenye meza hii, wewe ukiwa nyuma yangu unaosha vyombo. Baba yako aliwaondolea wageni kungoja. Mimi nilimpa mtoto wake kungoja kama zawadi ya Krismasi.

Na kuna kitu hukijui. Mwaka ule wa kwanza, mvua iliponyesha saa tisa, nilisikia mgongo wa kidole mlangoni, mara mbili. Nilijua ni moyo wangu. Kisha siku moja ulikuwa unachora sakafuni, ukainua kichwa ukaniambia, "Mama, kuna mtu nje. Anagonga halafu anasema usifungue." Hukuwa umeambiwa lolote. Nilikaa juu ya mikono yangu hadi mvua ikaisha. Bado hugonga. Siendi.

Kosa la tatu ni la uso wako. Mwaka Wahindi walipofukuzwa watu walianza kukutazama sana, wakihesabu wewe ni nani. Nikakufunga kitambaa, nikakufundisha kutembea ukitazama chini. Siku zile ilifaa. Lakini siku zile zilipopita sikukifungua. Wakiniuliza huyu ni chotara wa wapi, nilijibu haraka haraka ili tuondoke, nikakuacha ukidhani una kitu cha aibu usoni. Huna. Una macho ya mtu aliyewaambia wajane ukweli na kidevu cha sajenti aliyeamini ukoo wa mbali ni ukoo mkubwa. Huko Nairobi watasema nusu hivi, nusu vile. Hesabu hiyo ya nusu niliikubali mimi kwa niaba yako. Wewe usiikubali.

Na bado, kwa kitambaa hicho hicho, umetokea. Ulipong'oa jino la mtoto wa Mama Nasra kwa uzi, bila chozi, na kesho yake watoto sita wamepanga foleni mlangoni, nilikuwa nachungulia dirishani. Mwalimu wako anasema una mikono ya daktari. Watu husema akili hizo ni za Mchina, Mama Nasra anasema ni za kambini. Nimekuona ukikesha na kitabu na mshumaa, mwanangu. Ni zako.

Sasa ya Jumapili iliyopita.

Ulikuja jikoni uso unang'aa ukasema, "Mama, nimeambiwa nisikwambie, lakini siwezi." Ukanieleza kwamba kabla ya likizo iliyopita ulimwandikia baba kwa posta, kwa anwani ile niliyoitunga mimi kutokana na jina la mji aliokuwa akiutaja, ukaweka na jina lako na shule yako. Kwamba umemwambia umepata nafasi Nairobi na ukifika utaandikia serikali ya kwao wamtafute. Na kwamba amejibu. Mtu mrefu mwenye miwani alikukabidhi jibu langoni mwa shule.

Barua nilizoandika ni tano. Wewe una sita.

Nilipoifungua, kwa muda kidogo niliogopa kwamba nimeiandika mimi usingizini, jinsi mwandiko ulivyokuwa ule ule. Nimemwiga miaka mingi hadi nikasahau mstari upi wake, upi wangu. Nikaisoma. "Suni wangu, nimeludi. Jino lako lilibingilika kwenye bati, nikapanda. Umekuwa mkubwa. Njoo Jumamosi saa tisa, stesheni ya leli Kampala. Njoo peke yako, usimwambie mama. Njoo. Ani, ani. Baba."

La jino sikuwahi kuliandika katika barua yoyote. Tulioona ni watatu.

Uliniuliza kwa nini mwishoni anauliza "nani". Ulidhani ni Kiganda. Nami nilisimama na karatasi ile, na safari hii nikasikia. Waliomsimamia walitaka aandike njoo, akaandika njoo. Kisha akaweka neno lake mwishoni, mara mbili, kama alivyofanya mlangoni, akitumaini kwamba mimi nitaisoma. Alijua hutaweza kunificha, au aliomba iwe hivyo. Hapana, hapana. Sijui aliiandika wiki hii au aliandikishwa zamani ikawekwa. Sijui kama yu hai. Barua yako waliifungua posta. Walikwisha kusema ameondoka kwa ndege, na wewe ni msichana mwenye uso wake anayetaka kwenda Nairobi kuuliza. Hiyo inatosha.

Ndipo nikakudanganya tena, mara ya mwisho, Mungu shahidi. Nikakuambia baba amebadilisha mpango, atakufuata Nairobi, ondoka Alhamisi. Ukacheza ukazunguka jikoni. Kama ningekwambia ukweli hapa, usingepanda lori. Ungekwenda stesheni, nakujua, kwa sababu mimi katika umri wako ningekwenda.

Kwa hiyo sasa unajua, na bado ni Alhamisi, na magari ya kurudi Kampala yako hapo mbele yako yanaita abiria. Una siku mbili nzima za kuniharibia kila kitu. Siwezi kukushika kutoka hapa. Unikasirikie, unayo haki, unikasirikie miaka. Ila kasirika ukiwa upande huo.

Mimi sikuweza kuja nawe. Nyumba ikiwa tupu kesho, kufikia jioni watakuwa mpakani kabla yenu. Kesho nitaanika sare yako ya shule uani, ikiwa na maji. Nitapika vya watu wawili. Nitakuita kwa sauti uje kuosha vyombo, na nitakugombeza kwa kuchelewa kujibu, Mama Nasra asikie na mtaa usikie. Ijumaa vilevile. Nimejaribu kidogo leo ulipotoka, nikaita jina lako chumba kitupu, nikaogopa sauti yangu.

Jumamosi saa tisa nitakwenda stesheni mimi. Usilie, sikiliza. Nimechoka kuwa mtu asiyefungua. Kama hayupo, nitakuwa nimekununulia saa chache zaidi. Kama yupo, anione nimekuja bila wewe, ajue kwamba alisema na nikasikia. Hilo tu nalitaka katika dunia hii, kuona uso wake akijua.

Baada ya hapo huenda ukaletewa barua kutoka kwangu. Mwandiko utakuwa wangu, maana mkono utakuwa wangu. Itakutajia mambo ambayo mimi na wewe tu tunayajua. Itasema ninaumwa, au baba yako amepatikana, njoo utuone. Huenda hata ikawa kweli. Isome, mwanangu, ilalie kama ulivyozilalia zile, lakini usije. Hii ndiyo niliyoiandika bila mtu kusimama nyuma ya kiti changu, na hii inasema nenda.

Nasikia kicheko chako uani, Mama Nasra anakusindikiza. Amekusuka mistari minane, na tayari mmoja unafumuka.

Mama yako anayekupenda,
Rozalia